Barua ya wazi kwa Wizara ya Afya: aliyeng'olewa gego jana na mdomo bado una ganzi, nani anampigia simu?

Mheshimiwa Waziri wa Afya, Mganga Mkuu wa Serikali, Baraza la Madaktari Tanganyika na nyie wote mnaokaa mezani kuamua bima ilipie nini, shikamooni, na wale wa rika langu habari za kazi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro, sio mtu wa afya. Tangu ning'olewe gego la mwisho la chini upande wa kulia, nusu ya mdomo wa chini na kidevu havihisi sawasawa, na hapo hapo pasipohisi ndo panapouma, najua inachanganya, hata baadhi ya wataalamu niliowaeleza walinitazama mara mbili. Kliniki siitaji na daktari simtaji, sijaja kushtaki mtu, na kusema ukweli yule daktari alikuwa mpole na mkono wake mwepesi, jino lilitoka vizuri tu. Ninachogombana nacho ni kilichofuata, maana hakikufuata kitu. Nilipewa Panadol, amoksilini na flajili, nikaambiwa nisisukutue mpaka kesho, nikaenda nyumbani na gozi mdomoni. Basi.

Kwa wasiojua ngoja nieleze kidogo. Uso wa mtu unahisi kwa neva moja kubwa kila upande, ni ya tano katika zile jozi 12 zinazotoka kwenye ubongo, wataalamu wanaiita trijemino, ina matawi matatu, moja la paji na jicho, moja la shavu na taya la juu, moja la taya la chini. Hili la chini linatoa tawi linaloingia ndani ya mfupa wenyewe wa taya, linapita kwenye mfereji chini ya mizizi ya magego, linatokeza kidevuni, na ndo linafanya mdomo wa chini na kidevu vihisi. Yaani ni kama waya wa umeme uliopitishwa kwenye bomba ndani ya ukuta, fundi anayekuja kutoboa ukuta atundike saa hauoni ila upo, na kwa baadhi yetu mizizi ya gego la mwisho imekaa juu ya bomba kabisa au imelibana. Upande wa ndani karibu na ulimi inapita neva nyingine ya ulimi, hiyo nayo ikiguswa nusu ya ulimi inakufa ganzi na ladha ya upande huo inaondoka. Kuna mama mmoja anauza supu nilikaa naye benchi hospitalini, hajiamini tena kwenye chumvi, kila asubuhi anamwonjesha mwanae kabla wateja hawajaja.

Sasa nisije nikatisha watu. Wengi wanaong'olewa gego la mwisho hawapati kitu, na jino bovu likiachwa usaha ukashuka shingoni unaua, kwa hiyo mwenye jino bovu aende. Wachache wanabaki na ganzi, katika hao wachache wengi inaisha yenyewe ndani ya wiki kadhaa au miezi, wanaobaki nayo moja kwa moja kwa kawaida hawafiki mmoja katika 100. Lakini waheshimiwa sensa ya 2022 ilitukuta zaidi ya milioni 61, na nchi hii mtu anaenda kwa daktari wa meno akiwa ameshashindwa kulala, kung'oa ndo dawa tunayoijua, kwa hiyo huyo "hafiki mmoja katika 100" mkimjumlisha nchi nzima anajaza ukumbi. Tatizo hamna anayemjumlisha.

Kinachoniuma mimi ni hiki, na ndo sababu ya barua. Sindano ya ganzi ya taya la chini, hii lignokeini ya kawaida, mdomo unaanza kurudi baada ya saa tatu mpaka tano hivi. Ukilala ukaamka, ukagusa mdomo ukaona bado ni wa mtu mwingine, hiyo sio sindano tena, hiyo ni neva. Na asubuhi ile ndo yenye thamani kuliko asubuhi zote zinazofuata, kwa sababu kama kuna kitu kinaibana neva, mfano skrubu ya jino la kupandikiza imeingia mpaka kwenye mfereji au dawa ya kuziba mzizi imevuja ikashuka huko, wataalamu wanataka kitolewe haraka sana, ndani ya saa 24 mpaka 36 ikiwezekana. Kama ni kuvimba kuna dawa za kupunguza uvimbe ambazo zikichelewa hazina maana. Kama neva imekatika kuna upasuaji wa kuiunga, na huo nao unapendeza ukifanyika ndani ya miezi mitatu hivi ya mwanzo, baadae matumaini yanashuka. Neva ikiota upya inaota kama milimita moja kwa siku, haina haraka, haraka inatakiwa iwe kwetu.

Mimi nilipiga simu kliniki kesho yake. Dada wa mapokezi akaniambia ni kawaida itaisha. Nikapiga tena wiki iliyofuata, akaniuliza kwa upole kabisa, "Sasa dada unarudi kwa jino gani na jino si tulishalitoa?" Simlaumu. Hakuna mtu aliyemfundisha kwamba hilo swali linapaswa kumfanya ainuke kwenye kiti akamwite daktari. Kwenye mfumo wenu mimi nilikuwa nimeshapona, jino limetoka, risiti imekatwa, faili limefungwa.

Kuishi nayo mnataka kujua? Chai. Nimeungua mdomo na chai ya moto bila kujua, nimegundua nilipoona ngozi imevimba kwenye kioo. Wali unabaki kidevuni walio mezani wananiangalia hawajui waseme au wanyamaze. Nafundisha kidato cha pili, mwanzoni mate yalikuwa yananitoka kwenye kona ya mdomo katikati ya kipindi na mimi sina habari, sasa nina leso mkononi muda wote kama bibi harusi anayelia, na herufi za midomo, b na p na m, nikichoka zinalegea. Hiyo ni ganzi. Maumivu yenyewe yako juu ya ganzi, moto unaofukuta muda wote, pilipili, wadudu wanatembea ndani ya ngozi, halafu kitu ambacho hakitakiwi kuuma kinauma, mswaki, ncha ya mtandio, mtoto akinibusu upande ule naruka. Siku naenda Dar kwa SGR nilikaa siti ambayo AC inapuliza usoni moja kwa moja, sikufika hata Ngerengere nikajifunika uso wote na kanga, jirani yangu akadhani nimefiwa.

Na mtaani jamani. Kwa kuwa uso unaonekana mzima, hujapinda, hujavimba, basi wewe unadeka. Mkuu wangu wa shule ananiambia mwalimu mbona unaongea vizuri tu. Wengine wameshaniletea namba ya mganga, eti kuna mtu kanifunga mdomo. Wanachanganya pia na ule ugonjwa wa mdomo kwenda upande, ule ni neva nyingine kabisa, ya kuchezesha uso, hii ya kwangu ni ya kuhisi, ndo maana uso wangu unacheza vizuri kabisa na hamna anayeniamini.

Mtu wa kwanza kuniamini alikuwa daktari bingwa kijana, hospitali moja kubwa Dar. Alichofanya kilichukua kama robo saa na hakikuhitaji mashine. Alinifumbisha macho, akachukua pamba akaivuta taratibu kutoka shavuni kushuka, niseme ikianza kupotea, akaweka alama na kalamu ya wino kwenye ngozi, akarudia na ncha ya pini, akarudia na kitu cha baridi. Alipomaliza akanipa kioo, kidevuni nilikuwa na ramani, mpaka umechorwa kutoka kona ya mdomo mpaka katikati ya kidevu haukuvuka hata kidogo upande wa pili. Akaipiga picha kwa simu yangu mwenyewe, akasema ukirudi tutailinganisha tuone inapungua au haipungui. Pamba, pini, kalamu. Zahanati gani Tanzania haina pamba? Angefanya hivyo tabibu wa meno wa kwetu kwenye wiki ile ya kwanza ningefika kwa bingwa kukiwa bado kuna la kufanya, nilipofika aliniambia wazi kuwa muda wa kuunga umepita, sasa tunatibu maumivu.

Pale kwenye benchi ndo nimejua tuko aina nyingi. Kuna vijana wa bodaboda waliovunjika taya, mfupa umeungwa na vibati umepona safi, kidevu kimebaki kimekufa, na wengine mfupa wa shavu uliovunjika ndo umeua hisia za chini ya jicho na mdomo wa juu. Zile helmeti za nusu kichwa wanazovaa zinalinda fuvu, taya liko nje linasubiri lami, sijui kama ni kazi yenu au ya wenzenu wa usalama barabarani lakini wanaolala wodini ni wenu. Kuna waliougua mkanda wa jeshi wa usoni, vipele vimekauka zamani maumivu yamebaki pale pale. Na nchi ambayo bado inapata wagonjwa wapya wa ukoma kila mwaka, baka lisilohisi usoni linatakiwa limshtue mhudumu yeyote wa afya.

Halafu kuna hawa wa upande wa pili, ambao ugonjwa wao unaitwa neuralja ya trijemino. Hawa mara nyingi hawana ganzi, wana shoti. Inapiga sekunde kadhaa, mpaka dakika mbili hivi, inaacha, inapiga tena, ukitafuna, ukinawa uso, upepo wa dirisha la daladala ukikupiga. Mara nyingi kuna mshipa wa damu unaoikandamiza neva karibu na ubongo, meno hayana kosa lolote. Lakini maumivu yanasikika kwenye jino, kwa hiyo wanaenda kung'oa, shoti inahamia jino la jirani, wanang'oa na hilo. Nilikutana na mzee mmoja ambaye upande wa kushoto hajabakiwa na jino hata moja na shoti iko pale pale. Mwaka 1962 daktari wa Uswidi, Sigfrid Blom, alitangaza kuwa dawa ya kifafa, kabamazepini, inatuliza ugonjwa huu. Hiyo ni zaidi ya miaka 60 iliyopita, na hiyo dawa iko kwenye orodha yetu ya dawa muhimu kwa ajili ya kifafa. Yule mzee alikuwa anatembea na meno mazima mpaka kwenye koleo wakati kidonge kiko dirisha la pili.

Ila na hicho kidonge msikiachie tu kama pipi. Kabamazepini inaanza kidogo kidogo inapandishwa, inalewesha mwanzoni, inaweza kushusha sodiamu mwilini hasa kwa wazee, na ukiona upele unatoka unaacha unakimbilia hospitali hapo hapo. Kubwa zaidi ambalo sikusikia likisemwa dirishani: inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya kijiti cha mkononi, dada anaweza kubeba mimba huku anajiona yuko salama, na inapunguza nguvu ya dolutegraviri ambayo ndo iko kwenye kidonge cha ARV wanachotumia watu wetu wengi, mtu anatakiwa aongezewe dozi ya dolutegraviri au abadilishiwe dawa. Nani anauliza hayo pale? Foleni imefika getini, mtu anapewa karatasi "asubuhi na jioni", kwisha.

Kwa sisi wa neva iliyojeruhiwa zinazotumika zaidi ni amitriptilini usiku kwa dozi ndogo, au gabapentini, au pregabalini. Haziponyi, zinapunguza sauti, mimi amitriptilini imenirudishia usingizi japo mdomo unakauka na asubuhi naamka mzito. Panadol na diklofenaki haya maumivu hayazisikii kabisa, na bado ndo tunazopewa mkoba kwa mkoba mpaka tumbo linachubuka. Bima yangu kuna mwezi inalipia kuna mwezi famasi wananiambia hii haimo kwa ugonjwa ulioandikwa hapa, na ugonjwa ulioandikwa pale ni "jino". Jino ambalo halipo! Shirika la Afya Duniani kwenye orodha mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022 limeyapa maumivu sugu ya neva nafasi yake yenyewe, maumivu yakizidi miezi mitatu yanahesabika ugonjwa. Nyie mnaopanga vifurushi chini ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, naomba hii nafasi iwepo na ionekane mpaka kwa dada wa famasi kwenye skrini yake.

Nije kwenye fomu. Niliisaini nikiwa nimeshakaa kwenye kiti, taa iko usoni, kitambaa kimefungwa shingoni, karatasi ya Kiingereza, na nyie mnajua mimi nafundisha kwa Kiingereza kila siku nikaambiwa "saini hapa mwalimu". Sentensi ambayo nilitakiwa kuisikia ni fupi sana: jino lako liko karibu na neva, kuna uwezekano mdogo mdomo ukabaki na ganzi au maumivu, kuna njia nyingine, unaamuaje. Na njia nyingine ipo. Ile picha ya taya nzima, sio kile kieksirei kidogo cha jino moja, inaonyesha mfereji, daktari anaangalia kama ule mstari mweupe wa ukuta wa mfereji umekatika unapofika kwenye mzizi, kama mzizi umeingia giza, kama mfereji umepinda kuukwepa. Dalili hizo zikiwepo na hospitali ina CT, ile eksirei ya kompyuta inayoonyesha taya kipande kwa kipande, inapigwa. Na jino likiwa halijaoza kwenye mizizi kuna namna ya kukata kichwa cha jino na kuiacha mizizi ilale ilipo. Sisemi kila wilaya iwe na CT, naelewa hali. Nasema mgonjwa mwenye dalili hizo apewe rufaa kabla ya koleo, kama mnavyowapa rufaa wajawazito wenye dalili za hatari.

Nikipata upele kwa sababu ya dawa kuna fomu ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, hata mimi mgonjwa naruhusiwa kuripoti, ni kitu kizuri sana na nawapongeza. Nikipata ganzi ya maisha kwa sababu ya jino sijaoneshwa naripoti wapi. Kwenye vitabu vya MTUHA, yale madaftari ya takwimu za wagonjwa kwenye vituo vya afya, wekeni mstari mmoja wa ganzi iliyobaki baada ya kung'oa, kuziba mzizi au kuvunjika taya, maana kisichoandikwa hakiagizwi dawa, hakipangiwi bajeti, hakifundishwi chuoni. Mkishaandika mwaka mmoja tu mtatushangaa tulivyo wengi, au mtakuta tuko wachache, sawa, lakini mtakuwa mmehesabu.

Na simu. Hili halihitaji mfadhili wala mradi wa miaka mitano. Kila anayeng'olewa gego la chini apigiwe kesho yake asubuhi, swali moja, mdomo na ulimi vimerudi? Vikiwa havijarudi aitwe siku hiyo hiyo, apimwe kwa pamba na pini, iandikwe, na daktari aamue kama ni wa kuangaliwa kwa karibu au ni wa kwenda kwa bingwa wa upasuaji wa taya na uso leo. Baraza la Madaktari mnaweza kuiweka hii iwe kanuni ya kazi, Wizara mnaweza kuipeleka kwa waraka mmoja kwa waganga wakuu wa mikoa na wilaya, na kliniki binafsi zinazopata leseni kwenu zikafuata kwa sababu zinaitaka hiyo leseni. Madaktari wenyewe nadhani wengi watashukuru, hakuna anayefurahi kumuumiza mtu halafu asijue.

Waraka ukitoka tutausoma ukutani. Na wakati mnauandaa, kama kuna mtu anasoma hapa kang'olewa jana na leo mdomo au ulimi bado umekufa, ndugu yangu usisubiri waraka, rudi pale pale leo na wakisema ni kawaida waombe wakuandikie rufaa.

Wenu,
Mwalimu, Morogoro